Stendi za Spika za Mama Doris

Fundi seremala wa Masama hugonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kuutegea sikio kabla hajaukata. Siku Mama Doris alipomletea stendi mbili nyembamba za chuma alizouziwa mjini, fundi aliisukuma moja kwa kidole, ikayumba. Akakunja uso.

“Aliyekuuzia alijua utaweka nini juu yake?”

“Nilimwambia, baba. Spika ndogo, za kusikilizia kwaya ya marehemu mume wangu.”

“Alijua, na bado akakupa hizi.”

Akazitupa nje ya karakana. Kisha akamketisha mama kitini, akapiga magoti, akapima kwa kamba, taratibu, kutoka sakafuni hadi usawa wa sikio lake, apate kimo cha stendi za mbao atakazomtengenezea.