Rangi za Mwalimu Simeoni

Agripina aliajiriwa kupika, si kingine. Ilikuwa mwaka 1980, mjane wa miaka ishirini na mitatu aliyetoka kijijini Mungaa na mtoto mgongoni. Mwalimu Simeoni ndiyo kwanza alikuwa amefungua chuo chake cha uchoraji mjini, pale Utemini, ndani ya ghala kuukuu lenye madirisha mawili. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Kazi ya Agripina ilikuwa uji asubuhi, ugali mchana na kufagia. Basi.

Mwaka wa pili rangi zikaadimika. Siku zile hata sabuni watu waliipangia foleni, sembuse rangi ya kuchorea. Mwalimu akawakusanya vijana akawaambia warudi makwao mpaka hali itengemae. Agripina alikuwa anakusanya sahani. Maneno yakamtoka tu.

"Lakini Mwalimu, rangi si ipo? Kwetu tunapaka ukutani miaka nenda rudi."

Vijana wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Jumamosi akafuatana naye hadi Mungaa, akamtazama akichimba udongo mwekundu wa kichuguu na mweupe wa kando ya bwawa, akikwangua masizi chini ya chungu. Akamwona akiloweka, akichuja kwa kipande cha khanga, akitia gundi ya mgunga. Yote akayaandika kwenye daftari lake.

Chuo hakikufungwa. Kwa miaka kumi na sita madebe ya rangi yalitoka jikoni kwa Agripina. "Mama Damari, nyekundu imekwisha!" vijana waliita, naye akaacha sufuria akaenda kukoroga. Mwalimu alimheshimu, hilo Agripina hakulikataa kamwe. Ila wageni walipofika kutoka Dodoma na Dar es Salaam kushangaa zile rangi, Mwalimu ndiye aliyeeleza, na Agripina ndiye aliyeleta chai.

Mwalimu alipofariki, mwaka 1997, ghala likarudishwa kwa wenyewe na Agripina akarudi Mungaa kulima mtama. Lakini mafunzo ya chuo hayakuzikwa na mwenyewe. Leo hii, kuanzia Kinyangiri hadi Ikungi, ukiona ukuta wa kanisa au wa mgahawa umechorwa jogoo wa rangi ya udongo aliyezungushiwa mstari mnene mweusi, mkono huo umetokana na Utemini. Waliofundishwa pale wamefundisha wengine, na hao nao wana wanafunzi. Zile rangi zina jina sasa. Zinaitwa rangi za Simeoni.

Mwaka juzi Amosi alikuja Mungaa. Amosi alikuwa mwanafunzi wa mwisho mwisho, kijana mwembamba aliyekuwa akiomba ukoko jikoni. Sasa ni mchoraji mkubwa, anafundisha mjini. Akainama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe njia unaikumbuka?"

Alimletea kitabu kizito cha karatasi za kung'aa, historia ya chuo, alichokiandika yeye na wenzake. Agripina alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya jioni ya watu wazima, kwa hiyo alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Alisoma kwa siku nne. Ukurasa wa arobaini na moja akajikuta kwenye picha, amebeba debe nyuma ya Mwalimu. Chini pameandikwa: *Mwalimu Simeoni akiwaonyesha wanafunzi rangi alizozibuni. Nyuma yake, mpishi.*

Jina hakuna. Akatafuta kurasa zote zilizobaki. Hakuna.

Akampigia Amosi. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Ulikuwa unaniona."

"Mama, tulifuata daftari la Mwalimu. Halafu kitabu kimeshachapwa."

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, Amosi akarudi, safari hii uso umemshuka. Wanafunzi wake walikuwa wamechora ukuta mzima wa ukumbi mjini kwa rangi za udongo, kama kitabu kilivyoelekeza, na ukuta ulikuwa unabanduka vipande vipande.

"Kuna kitu tunakosea, mama?"

Kilikuwepo. Agripina alikuwa akitia maji ya mlenda, yale ya kuteleza, katika kila debe la rangi, na kuliacha lilale siku tatu kabla ya kutia gundi. Jumamosi ile ya Mungaa hatua hiyo aliiruka kwa kukosa muda; baadaye alifanya hivyo jikoni, na jikoni Mwalimu hakuwahi kuingia.

"Kitabu kinasemaje?" akauliza.

"Tumefuata kitabu, mama."

"Basi fuateni."

Amosi akaaga, akaondoka. Damari, bintiye, alikuwa amesikia yote. "Mama, si ungemwambia tu?"

"Mimi ni mpishi."

Alidhani moyo utatulia. Haukutulia. Wiki nzima, kila alipomwona Damari akichuma mlenda shambani aligeuza uso upande mwingine.

Mwezi wa nane Damari alitoka mjini na habari. Ule ukuta umepakwa rangi ya bluu ya dukani. Na wanafunzi wameambiwa wasihangaike tena na udongo, kwa kuwa rangi za udongo hazidumu.

"Wamesema hazidumu?"

"Ndivyo walivyosema, mama."

Agripina akakumbuka nyumba ya mama yake, iliyoanguka yenyewe kwa uzee, rangi ikiwa bado ukutani. Akamwambia bintiye, "Nipigie Amosi."

Simu ikapokewa na msichana. "Mwalimu Amosi yuko kwenye kikao. Nani mwenzangu?"

"Mwambie Agripina."

"Agripina wa wapi?"

Agripina alifungua kinywa ajibu. Angesema wa wapi, mtu ambaye hata kitabuni hana jina? Akamrudishia bintiye simu, sauti ya yule msichana ikiendelea kuita haloo, haloo, akajifunga khanga na kwenda kuwafungulia mbuzi.