Harufu Iliyonifuata Mkutanoni

Nichekeni tu, nilijitakia mwenyewe. Mwaka ule wa uhuru nilichaguliwa kuwa mjumbe wa vijana wa Kisangani kwenye mkutano wa mataifa huko Ulaya. Siku ya safari, Mama akaniletea samaki wa moshi kutoka Lubunga, ng’ambo ya mto.

“Mama, miye niko délégué sasa! Samaki, hapana.”

“Bon, mutoto yangu, nimesikia.”

Ndani ya ndege kulinuka, nikamlaumu jirani yangu kimoyomoyo. Ukumbini kukanuka pia, nikasimama kwa hasira: “Sisi tuko huru! Hatukai tena kwenye uvundo!” Wenyeji wakaomba radhi, wakafungua madirisha yote.

Kisha nikaitwa kuhutubia. Nikafungua mkoba mbele ya wote: samaki wawili wanono. Mama hakujua kusoma. Alikuwa amewafunga, vizuri kabisa, kwa kurasa za hotuba yangu.