Kompyuta Inayojua Matamshi Yetu

Juzi, kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja mjini Shinyanga, mama kutoka Nyarugusu alikuwa akimtafuta mwanawe, mchimbaji aliyefukiwa na kifusi akaletwa huku na watu asiowajua.

"Anaitwa Malale," alisema. Karani akaandika jina, kompyuta ikajibu hayupo. Mama akaketi sakafuni, ncha ya khanga mdomoni.

Dada anayetunza kompyuta za hospitali akasogea. "Shikamoo mama. Hapa kila mtu huandika jina anavyolisikia. Ngoja kidogo."

Alikuwa ameunda programu ndogo: unaipa jina, nayo inaligeuza kuwa kanuni ya kutafutia, kila penye l ikikubali l au r. Aliandika Malale; kwenye kioo ikatokea Ma[lr]a[lr]e. Akabonyeza, akasoma.

"Yupo! Wamemwandika Marare. Wodi ya wanaume, kavunjika mguu, lakini anaongea."

Mama alimshika mikono yote miwili, akimshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu, wabeja sana!" Kisha akakimbilia wodini.

Mimi shuleni nilichapwa sana kwa kuchanganya herufi hizo mbili. Namvulia kofia msomi huyu, aliyeona ni rahisi zaidi kuifundisha mashine itusikilize.