Viola Sita za Msambweni

Niliondoka Mombasa kwa sababu nilikuwa sikaliki. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, kila mtu anazungumzia mambo mapya, nami nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo na muziki mpya ambao hakuna aliyeutaka. Msambweni palikuwa na darasa la viola, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, lakini mwalimu wake alikuwa amehama. Kamati ya ukumbi ilinipa siku nne: wanafunzi wakishindwa kupiga mbele ya watu Jumamosi, viola zote sita zirudishwe Mombasa.

Jumatano alfajiri nilivuka Likoni. Ndani ya basi nilifungua karatasi zangu za muziki, nikazikunja, nikazifungua tena. Diani ilipita nisiione.

Alasiri tulianza. Watano walikuwa ndio kwanza wanaanza. Niliwasomea kutoka kwenye karatasi: wakwaruze uzi mmoja kwa upinde, wanyamaze, kisha wakwaruze tena. Walifurahi mno. Wa sita, Bi Mwanasiti, mkunga wa zahanati, alikuwa amefika mbali kidogo. Aliweka upinde chini.

"Niwie radhi, mwalimu. Miaka miwili nimehangaika kuuondoa mkwaruzo huu. Leo waniambia niurudishe?"

"Ndio muziki wa sasa," nilijibu kwa haraka. "Tuendelee."

Alifunga viola yake, akaaga kwa adabu, akatoka.

Alhamisi hakuja, na wenzake waliokuja wakapotea kabisa katika kupiga. Kumbe walikuwa wakifuata mkono wake, si wangu. Ijumaa baada ya sala nilipiga hodi kwake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Nilianza kumweleza, akanikatiza. "Tangu uje watusomea karatasi. Hujatupigia hata mara moja. Nitajuaje kama ni muziki?"

Niliona haya. Nikatoa viola yangu, nikapiga kipande chote.

"Hapo pa kunyamaza wapapita mbio," alisema. "Waogopa nini?"

Nilirudia polepole. Mara ya tatu aliinuka, akaenda kuleta viola yake.

Jumamosi watu waliujaza ukumbi, na mkwaruzo wa kwanza waliucheka waziwazi. Tukafika pale pa kunyamaza. Bi Mwanasiti aliinua upinde wake, wenzake wakamtazama, hakuna aliyetikisika. Kicheko kikakatika. Tulipomaliza, mwenyekiti wa kamati alisimama akijikuna kidevu.

"Mimi sikuelewa kitu," akasema. "Lakini viola zisiondoke."

Jumapili Bi Mwanasiti alinisindikiza kituoni. Nilimwambia nililojifunza: anayeanza hukubali lolote, kwa kuwa hana la kupoteza, lakini aliyekwisha kupiga hatua ana kitu alichokitolea jasho, na huwezi kumwomba akiweke kando kabla hujamsikilizisha unachompa.

"Basi wafundishe na hao watano wafike hapo," akasema.

Basi likaja, sikulipanda. Mombasa nilirudi baada ya wiki tatu.