Chumba cha Pasi

Mwenzangu wa chumba ana kipaji cha usingizi. Sisemi hivyo kumcheka, maana waliomcheka wamekwisha kunitia hasira za kutosha. Nasema kwa sababu ukitaka kumjua huna budi kuanzia hapo. Analala akiwa amekaa, analala akisubiri maji yachemke, na siku moja nilimkuta maktaba amelala kitabu mkononi, kidole chake bado kiko kwenye mstari. Alipoamka aliendelea kusoma palepale, hata hakurudi neno moja nyuma.

Usingizi huo una sababu. Alfajiri, wakati sisi wengine tunageukia ubavu wa pili, yeye yuko kwenye kiwanda cha mikate nyuma ya soko, anakanda unga na kusukuma mikate kwenye tanuri. Kazi hiyo ndiyo inayomsomesha. Anarudi jua limeshatoka, anaoga, anaingia darasani, na hata aoge vipi bado ananukia hamira. Basi jina likamkaa: Hamira. Mimi wananiita Pilipili, na sababu utaiona mwenyewe.

Hamira hakuja chuo cha ualimu kwa bahati mbaya kama baadhi yetu. Kwao ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande huu mama yake na cherehani, upande wa pili watoto. Yeye ndiye kifungua mimba. Tangu mdogo alikuwa anawapanga wadogo zake kwa urefu, anaugeuza mlango kuwa ubao, na kuwafundisha hadi mmoja aombe ruhusa ya kwenda kulia nje. Mama yake alilalamika kuhusu vumbi la chaki kwenye vitambaa vya wateja, lakini chaki hiyo alikuwa anainunua mama huyohuyo. Nikimsikia Hamira akisimulia hayo namwonea wivu, kwa sababu mimi nilikuja hapa baada ya kukosa nafasi kwingine.

Chumba chetu ni cha mwisho kwenye hosteli ya wanawake, chini kabisa, karibu na bomba. Kina vitanda viwili, meza moja na pasi. Pasi ni yangu, nilipewa na shangazi, na ndiyo pekee katika ujia mzima isiyounguza kola. Chuoni kwetu mtu hawezi kuingia darasani na sketi iliyokunjamana, hivyo kila mtu alikuwa mteja wetu. Watu waliingia, wakachukua pasi, wakatoka, kama wako jikoni kwa mama zao. Hodi ilikufa taratibu na hakuna aliyekwenda kwenye msiba wake.

Mchana mmoja Hamira alikaa kitandani ale kipande cha mkate kabla ya kipindi. Usingizi ukamkuta katikati ya tonge. Kichwa kimeegemea ukuta, soksi ya nywele imeshuka hadi kwenye nyusi, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo, na kipande cha mkate kimening'inia mdomoni. Mimi nilikuwa bombani nafua. Aliyeingia kuchukua pasi alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye sote tunamwita Mtangazaji, kwa kuwa ndiye anayeendesha kundi la darasa kwenye simu: ratiba, mabadiliko ya vyumba, nani kapoteza kitambulisho. Alichukua pasi, na akachukua picha.

Jioni picha ilikuwa imeshageuzwa stika ya kutumiana kwenye simu. Chini yake waliandika: Niko njiani.

Ilienea kuliko mafua. Mtu akiulizwa yuko wapi, anatuma Hamira na mkate wake. Mtu akichelewesha kazi ya kikundi, Hamira na mkate. Jioni ile ya kwanza nilipoiona nilikuwa naosha vyombo, nikaenda mlango wa pili bado nina povu la sabuni mikononi.

"Ifute," nikamwambia.

"Pilipili nawe, utani tu huo," Mtangazaji akasema. "Mwenyewe kacheka. Kamuulize."

Na kweli, Hamira alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili pia. Baada ya hapo kicheko kikabaki cha meno tu. Akipita ukumbini, wavulana wa nyuma wanabana vidaftari midomoni na kufumba macho. Akasema si kitu. Mzaha mzaha hutumbua usaha, nilimwambia, akanijibu kwamba mimi hata nikisalimiwa natafuta ugomvi. Hilo ni kweli, lakini halikuhusiana.

Kilichomvunja kilitoka mahali ambapo hatukutazamia. Mwalimu wetu wa mbinu za kufundisha ni mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, mtu wa heshima zake, na Hamira anamheshimu kuliko wote. Asubuhi moja mtu aliuliza kwenye kundi kama kipindi kipo. Mwalimu akajibu kwa stika: Niko njiani. Masikini, aliikuta humo kwenye kundi akadhani ni katuni kama katuni nyingine. Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Hamira aliitazama simu yake, akaizima, akaiweka chini ya mto.

Siku hiyohiyo alifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, akatundika shuka kuzunguka kitanda chake. Akala nyuma ya shuka. Akavaa nyuma ya shuka. Na akaacha kulala mchana kabisa. Alikuwa anakaa humo macho makavu akisikiliza nani anaingia. Mtu anayeamka alfajiri hawezi kuishi hivyo. Haukupita muda akarudi kutoka kiwandani na mkono uliofungwa kitambaa, kasinzia mbele ya tanuri na kugusa bati la moto. Nililia mimi, yeye hakulia.

"Nimpige picha Mtangazaji naye," nikasema. "Anakoroma kama jenereta, nitaipata tu."

"Halafu?" akauliza kutoka nyuma ya shuka. "Tutakuwa na stika mbili."

Alisema kweli, na ukweli huo ulinikasirisha zaidi.

Balaa ni kwamba muhula wa masomo ya majaribio ulikuwa umefika. Chuoni kwetu, kabla hujapelekwa kwenye shule ya kweli, unafundisha kwanza mbele ya wenzako, somo lolote unalotaka. Mwalimu wa mbinu ana sheria yake: anayesimama mbele ndiye mwalimu, na wote waliobaki ni watoto wa darasa la kwanza, naye akiwemo. Anakaa dawati la nyuma magoti yakimgusa kidevu, na haoni haya kunyoosha kidole na kuomba kwenda msalani, ili aone utafanyaje. Usipofundisha siku yako, huendi shuleni na wenzako. Unarudia mwaka.

"Sifundishi," Hamira akaniambia siku moja kabla ya zamu yake. "Nikisimama pale hawatamwona mwalimu. Wataona mkate."

"Utarudia mwaka mzima kwa ajili ya mkate?"

"Pilipili, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Niache."

Nilimwacha, nikakaa kwenye kitanda changu nikinyoosha nguo ambazo hazikuhitaji kunyooshwa. Hapo simu yake ikaita. Alikuwa mama yake. Simu ya Hamira imeharibika, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na kwa kawaida akipigiwa natoka. Safari hii nilisimama kutoka, akatoa mkono pembeni ya shuka akanipungia nikae.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Nimeona picha yako. Binamu yako kaileta kwenye kundi la familia, eti yuko njiani. Kaipata huko kwa marafiki zake, hata hakujua ni wewe. Mimi ningeacha kumjua mwanangu kwa sababu ya mkate?"

Nyuma ya shuka Hamira akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mtu akichoka analala. Mimi nimelala na pini za kushonea mdomoni mara ngapi, na niko hai. Nauliza kitu kingine. Huyo mpiga picha alikuwa kasimama miguuni pa kitanda chako. Alibisha hodi?"

"Hakuna anayebisha hapa, mama."

"Hapa kwetu hatujawahi kuwa na mlango kati yetu," mama yake akaendelea. "Pazia tu. Na bado nilikuwa nabisha hodi kuingia kwenu, nyie vitoto mnaokojoa kitandani. Umesahau?"

"Sijasahau. Nilikuwa nakwambia pazia haligongeki."

"Nami nikakwambia ndiyo maana Mungu katupa mdomo. Haya, kesho nina nguo ya bibi harusi. Kula, ulale."

Simu ikakatika. Halafu nikasikia kamba inafunguliwa. Alitoka na shuka limekunjwa kifuani.

"Kesho nafundisha," akasema. "Nisaidie kutafuta misumari."

Kesho yake tulifika mapema, tukatundika lile shuka kwenye mlango wa darasa. Wenzetu walipoingia walilisukuma tu kwa bega. Mtangazaji alikaa mbele, simu mapajani. Wavulana wa nyuma walikuwa wameshabana vidaftari vyao midomoni. Mwalimu wa mbinu alikunja magoti kwenye dawati lake.

Hamira alisimama. Akasema, "Watoto, simameni. Tokeni nje wote."

Watu wakatazamana.

"Na wewe mtoto mwenye miwani," akasema.

Mwalimu wa mbinu alinyanyuka, akaweka karatasi yake ya alama kwapani, akatoka bila neno. Sheria ni yake. Sote tukamfuata, tukajipanga ujiani kama watoto kweli, na vicheko vikipungua kidogo kidogo, kwa sababu tulikuwa nje na hatukujua yanayotungoja ndani.

"Leo tunajifunza kuingia," sauti ya Hamira ikatoka nyuma ya shuka. "Hapa hapana mbao ya kugonga. Mtatumia midomo. Mmoja mmoja."

Mwalimu wa mbinu akatangulia. "Hodi."

"Karibu. Umefuata nini, mtoto?"

"Nimekuja kusoma, mwalimu."

"Pita ukae."

Tuliingia hivyo, kila mtu na hodi yake, kila mtu na alichofuata. Mvulana mmoja alisema amekuja kula, tukacheka, naye Hamira akamwambia arudi nje akatafute sababu nyingine. Akarudi na nyingine. Kufikia katikati ya mstari, mimi nilikuwa nimesahau kwamba huyu ni mtu ninayegombania naye ndoo. Alikuwa mwalimu, basi, kama mvua ilivyo mvua.

Mtangazaji alibaki wa mwisho.

"Hodi," akasema, kwa sauti nyembamba ya kitoto, na watu wakacheka.

Alipoona haitikiwi, akarudia.

"Hodi, mwalimu."

"Subiri," Hamira akasema. "Nimelala."

Kulikuwa na aliyeanza kucheka, akaacha. Hamira hakuwa na hasira usoni, wala hakuwa anaigiza. Aligeukia darasa. "Watoto, mtu akikuta mwenzake amelala anafanyaje?"

Kidole cha kwanza kilikuwa cha dawati la nyuma. "Anasubiri, mwalimu."

"Na akiona kitu cha kuchekesha?"

Macho yote yakaenda mlangoni. Chini ya shuka tuliviona viatu vya Mtangazaji, vimesimama pamoja, havisogei. Ningesema nilifurahi, maana nilikuwa nimeingoja siku ya kumwona ameumbuka. Lakini vilikuwa viatu tu, vimepigwa rangi vizuri, na pindo la sketi iliyonyooshwa kwa pasi yangu. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinikera.

"Karibu," Hamira akasema hatimaye.

Mtangazaji akaingia. Sauti ya kitoto ilikuwa imemwisha. "Umefuata nini?" akaulizwa, naye akajibu polepole, "Nimekuja kuifuta."

"Kaa chini, mwanangu," Hamira akasema, na hapo darasa likacheka kicheko cha kweli, na yeye mwenyewe akacheka nalo.

Mwalimu wa mbinu alitoa maoni yake kama kawaida: mwandiko wa neno Hodi aliloliandika ubaoni unateremka kama unakwenda mtoni, na tarehe haikuandikwa. Alama zilikuwa nzuri. Watu walipotawanyika, aliniita kando na kunipa simu yake, amevua miwani.

"Nionyeshe inavyofutwa," akasema. "Nimeituma hadi kwa mkwe wangu."

Sitadanganya kwamba stika imekwisha duniani. Mtangazaji aliifuta na kuwasihi wenzetu waifute, akaandika kwenye kundi aliingiaje chumbani kwetu na alichokifanya, bila kujipamba. Lakini kitu kikishatoka mlangoni hujui kinakolala. Juzi Hamira mwenyewe alitumiwa na mtu wa kule kiwandani asiyejua kabisa kwamba ni yeye, naye Hamira akauliza tu kama huo mkate ni wa kiwanda chao au wa wapinzani.

Shuka limerudi kitandani, kwenye kazi yake ya zamani. Jana mchana, baada ya kipindi, nilikuwa nanyoosha blauzi. Hamira alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, mkate mkononi, akinisimulia kuhusu shule aliyopangiwa, na katikati ya sentensi akanyamaza. Nikageuka. Kalala, kaegemea ukuta, tonge halijafika.

Mlango wetu ulikuwa wazi kama siku zote. Nje yake alisimama Mtangazaji, kaning'iniza sketi mkononi, vidole vya miguu vimekomea kwenye kizingiti.

"Hodi," akanong'ona.

Nilimwonyesha kitanda kwa kidevu.

"Basi," akasema. "Nitarudi akiamka."