Kumtafuta Joseph Kimani Mwenye Mke

Swali lililoninyima usingizi ni hili: je, inawezekana nina mke na nimesahau? Nina digrii, na najua swali hilo ni la kijinga. Lakini Jumapili, katika kanisa letu la mjini, mchungaji aliposoma tangazo la ndoa kati yangu, Joseph Kimani, na Wambui, Mama Njoki wa kwaya alisimama. Akasema Joseph Kimani ameshaoa, tena amemwoa binti wa dada yake, aliye shamba na watoto wawili. Huyo mume, Mama Njoki mwenyewe hakuwahi kumwona. Alijua jina tu, na kwamba anafanya kazi Lavington.

Mchungaji alivua miwani. "Kijana, niletee huyo Kimani mwenye mke asimame hapa Jumapili ijayo. Bila hivyo, hakuna harusi."

Nje ya kanisa Wambui aliniuliza, "Utamtafuta, ama utakaa ukifikiria?"

Nilimwambia nitafikiria.

Jumamosi asubuhi niliondoka nyumbani Woodley kwa miguu. Nilibeba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na, endapo mambo yangekuwa mabaya, cheti cha digrii.

Kileleshwa nilisimama kwanza, kwa kuwa niliwahi kuona jina letu kwenye bango la nyumba za kupanga. Mwenye nyumba alikuwa uani akigombana na fundi wa mabomba. Nilipojitambulisha alimwacha fundi na kunikumbatia.

"Wajina!"

Nilimuuliza kwa adabu kama ana mke shamba.

"Wajina, mke wangu ni yule pale dirishani. Punguza sauti, utanipatia wa pili na sijamaliza kumsikiliza wa kwanza."

Kisha akanionyesha chumba kilicho wazi. Nilipokataa, sikuwa wajina tena.

Lavington nilifika jua likiwa kali. Huko majina hayaandikwi kwenye bango. Niliuliza geti baada ya geti, nikafokewa na mbwa wa kila aina, mpaka askari mmoja akafungua kidirisha.

"Natafuta Joseph Kimani."

"Yupi? Mdosi mwenye hii nyumba ama mimi?"

Nilishika ukuta. "Nyote wawili?"

"Tulikuwa wawili. Siku niliandikwa, mama wa nyumba alisema hawezi kumtuma askari kwa jina la bwana yake. Sasa mimi ni Soja."

"Una mke?"

"Nyambura. Ako shamba na watoto wawili. Kwani amenishtaki?"

Nilitamani kumbusu kupitia kidirisha. Nilipomweleza kisa cha kanisani, alicheka mpaka geti likatikisika. Halafu akageuka kuitazama nyumba.

"Lakini kesho siwezi toka, wajina. Mdosi huenda gofu, lazima nimfungulie. Akikosa mtu hapa, Jumatatu niko shamba na Nyambura."

Njiani kurudi Woodley nilijiuliza kama nimwandikie mdosi barua, na kama nianze na "Mpendwa Joseph" au hiyo ingeonekana kama najiandikia mwenyewe. Nilipofika nyumbani bado nilikuwa kwenye salamu. Nikaingia chumbani, nikaitoa suti yangu ya harusi kabatini, nikaanza kuipiga pasi.

Jumapili asubuhi Soja aliondoka Lavington akiwa ndani ya suti hiyo, nami nikabaki getini na koti lake na kofia iliyofika masikioni.

"Akiniuliza jina?" nilimuuliza kabla hajaenda.

"Hatauliza."

Gari lilitoka taratibu. Kioo kikashuka.

"Soja, umeamkaje?"

"Vizuri, mkubwa."

"Leo unaonekana umelala."

Akaenda zake na mkoba wa gofu. Wiki nzima nilihangaika kuthibitisha kuwa mimi si mtu mwingine, kumbe Lavington koti linatosha.

Baadaye simu ililia. Ni Wambui. "Mama Njoki amemshika mkwe wake, hataki kumwachilia! Na tangazo limesomwa tena. Hakuna aliyepinga. Wewe uko wapi?"

"Kazini," nikasema, nikafunga geti.