Nilivyopima Waya kwa Unyasi

Jumapili, 21 Oktoba 2007. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umelala hapa Olenguruone mpaka ng'ombe hawaonekani.

Kina mama wa kanisa wameniomba ushuhuda wiki ijayo. Naandika kwanza, maana kwa mdomo naweza kuongeza chumvi. Niliishia darasa la sita, mnivumilie.

Nilikuwa nakamua ng'ombe wanne kabla ya jua kutoka. Mwezi wa Machi, nikikamua, ndoo ikaniponyoka. Mkono wa kulia ukafa. Mate yakanitoka, nikajikojolea. Hospitalini Nakuru daktari alisema ni kiharusi, presha imepanda bila mimi kujua. Nilirudi nyumbani natembea, lakini vidole vimekunjana kama vya mtoto mchanga. Msichana wangu Chebet alinivalisha hadi nguo za ndani. Hiyo ilinitoa machozi kuliko ugonjwa.

Ndipo tukatumwa kwa Manjit, mama wa Kihindi anayefanyisha wagonjwa mazoezi kwenye kliniki moja mjini. Ana mashine yenye waya zinazobandikwa kwa ngozi. Baba Chebet akasema, "Ukikaangwa huko, nani atakamua?"

Sisi huku tuna fensi za stima. Ukitaka kujua kama iko moto, unaigusa na unyasi mbichi; ukihisi mtekenyo mkononi, stima iko. Basi nikabeba unyasi kwa kibeti. Manjit alipogeuka, nikagusa waya. Akaniona.

"Unatafuta nini, mama?"

"Stima."

Hakucheka. Alijibandika waya mkononi mwake, akakunja ngumi, mstari ukapanda kwenye kioo cha mashine. "Stima ni ya msuli wako mwenyewe. Hii inaisoma tu, haikupi kitu. Kama bado una wasiwasi, leta unyasi mwingine."

Hapo nikacheka mimi. Akanibandika. Nilijaribu kukunja kidole, hakikusogea, lakini mstari ulitetemeka. Nikajua mkono haujafa.

Nisidanganye: gundi ilinitoa vipele viwili, na siku zingine nilirudi nimechoka sana. Ubaya mwingine sikuona.

Hatari niliileta mwenyewe. Mstari ulipozidi kupanda nikaona nimepona, nikaacha tembe za presha. Manjit hupima presha kabla ya kubandika chochote. Siku hiyo alipima mara mbili, akakunja waya zake.

"Leo hakuna mashine. Nenda kwa daktari sasa hivi."

"Nimetoka Olenguruone na hii baridi, unanifukuza?"

"Nakufukuza, ndio. Mashine inaona mkono, haioni mishipa ya kichwa. Dawa uliacha lini?"

Nilimwambia ana roho mbaya. Daktari alipopima, akasema ningekawia ningeanguka tena. Nikarudi kuomba msamaha. Manjit akasema, "Hata ukinitusi, mama, nitapima tu." Mtu wa namna hiyo namheshimu.

Kilichoniponya ni mashine, dawa, mazoezi na Chebet, au Mungu? Nadhani vyote, lakini mimi si daktari. Kama itamsaidia kila mtu, sijui. Ninachojua, waya hazikuniumiza, na aliyenilinda ni yule aliyekataa kuziwasha. Mgonjwa mwenzangu, uliza kila unachoogopa, na dawa usiache bila kuambiwa. Sasa nakamua ng'ombe mmoja, polepole. Namshukuru Mungu, namshukuru Manjit.

Jioni tumekula ugali na mboga ya managu. Nimekula kwa mkono wa kulia. Matonge mawili yalianguka, na hakuna aliyeinama kuniokotea; waliniachia niokote mwenyewe.